Safari ya Jangwani: Wadudu, Usafi na Swali Moja la Kukumbuka

  Hiki ni kipindi chetu cha afya ya familia. Najua wengine wenu mmerudi sasa hivi kutoka kituo cha kuuzia majani chai, gambuti bado zina matope na moto ndio kwanza unawashwa jikoni. Endeleeni na kazi zenu, ila ongezeni sauti ya redio kidogo.

Leo tutazungumza juu ya safari ya jangwani. Tutaangalia jinsi ya kujikinga na wadudu huko, na jinsi ya kudumisha usafi mahali ambapo maji ni haba.

Labda unajiuliza, "Jangwa na sisi watu wa Kimulot tuna uhusiano gani?" Ni kweli, hapa kwetu shida ni mvua ya mawe na ukungu, wala si mchanga wa moto. Lakini watoto wetu hawakai hapa siku zote. Shule zinapofungwa, vijana wa kanisa huenda kambi. Maskauti hutembea kwa miguu siku tatu au nne. Wanafunzi hupelekwa kuona Ziwa Bogoria na maji yake yanayochemka kutoka ardhini. Wengine wana jamaa Baringo au Pokot Magharibi. Wengine hufika mbali zaidi, Turkana, au Marsabit kwenye Jangwa la Chalbi.

Na Baringo si mbali. Mtoto akiondoka asubuhi, anapita Kericho, Nakuru na Mogotio, na kabla ya jua kutua yuko Marigat, kwenye joto, vumbi na miiba. Marigat si jangwa kamili kama Chalbi, lakini ni nchi kame, na mengi ya yale tutakayosema leo yanahusu pande zote mbili.

Kwanza nitawapa kisa. Mama mmoja wa huku kwenye chai alinisimulia, na akaniruhusu nikiseme bila kutaja majina.

Kijana wake wa miaka 15 alikwenda Baringo mwezi wa Agosti pamoja na wenzake. Walitembea, wakaimba, wakalala nje siku nne. Alirudi mzima, mwenye furaha, midomo imekauka kidogo kwa jua. Mama akafua nguo, mambo yakaisha.

Mwezi wa Novemba kijana akaanza homa. Akapelekwa kituo cha karibu, akapewa dawa ya malaria bila hata kupimwa. Homa ikapungua, kisha ikarudi. Mara ya pili wakaambiwa ni homa ya matumbo, akapewa dawa nyingine. Homa ikarudi tena. Kufikia Krismasi, suruali yake ya shule ilikuwa haikai kiunoni kwa kukonda, lakini tumbo lilikuwa limevimba upande wa kushoto. Jirani mmoja akasema ni minyoo. Mwingine akasema amerogwa. Mama akauza ndama ili apate nauli na pesa za dawa.

Ndipo siku moja, katika kituo kingine, muuguzi akaweka kalamu chini, akamwangalia mama, akamwuliza: "Mama, mtoto huyu ametembea wapi mwaka huu?"

Lishikeni swali hilo. Tutalirudia kabla ya kuagana.

(Muziki mfupi)

Sasa tuwajue hao wadudu.

Wa kwanza ni mbu. Watu wengi hufikiri jangwani hakuna mbu kwa sababu hakuna maji. Hilo ni kosa. Mbu hahitaji ziwa. Dimbwi lililobaki kwenye laga, yaani mto mkavu wa mchanga, linamtosha. Maji yaliyomwagika kando ya kisima yanamtosha. Hata pipa la maji lisilofunikwa linaweza kumtosha. Mwaka wa 2022 watafiti walimpata katika Kaunti ya Marsabit mbu wa malaria wa aina iliyotoka Bara la Asia, ambaye hupenda kuzaliana kwenye vyombo vya maji vya nyumbani. Kwa hiyo popote mtoto wako atakapokaa, vyombo vya maji vifunikwe.

Sisi watu wa milimani tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Mtoto anayekulia mahali penye malaria nyingi na kuugua mara kwa mara, mwili wake hujifunza kupigana nayo kidogo. Mtoto wa Kimulot hajapata mafunzo hayo. Akiumwa na mbu mwenye malaria, anaweza kuzidiwa haraka. Wazee wenu wanakumbuka jinsi malaria ilivyoangusha watu wengi kwa mara moja hapa kwenye nyanda za chai katika miaka ya 1990. Na si watoto tu. Mtu mzima wa huku naye yumo hatarini.

Mdudu wa pili wengi wenu hamumjui, kwa sababu hapa kwetu hatumwoni. Ni usubi wa mchanga. Ni mdogo sana, kama theluthi moja ya mbu, na rangi yake ni kama ya vumbi. Halii sikioni kama mbu, kwa hiyo mtoto anaweza kuumwa asisikie chochote. Mchana hujificha mahali penye giza na unyevu kidogo: ndani ya vichuguu vya mchwa, kwenye mashimo ya wanyama, kwenye nyufa za ardhi na za kuta za udongo. Jua likitua hutoka kutafuta damu, na huuma mpaka alfajiri.

Usubi huyu ndiye anayeeneza ugonjwa unaoitwa kala-azar. Hapa Kenya ugonjwa huu uko Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit, Isiolo, Wajir, Kitui na sehemu nyingine kame. Si ugonjwa mpya. Katika miaka ya 1940, askari wa King's African Rifles waliopiga kambi kaskazini mwa Ziwa Turkana waliugua kala-azar. Hao walikuwa wanaume wenye nguvu, waliotoka kwingine wakaenda kulala kwenye nchi ya usubi. Mwaka wa 2000 na 2001 ugonjwa ulizuka Wajir na Mandera, na tangu hapo umezuka mara kadhaa kaskazini.

Kala-azar huingia polepole. Huharibu wengu, ini na damu. Usipotibiwa, karibu wote wanaougua hufa. Ukitambuliwa mapema, unatibika. Hauambukizwi kwa kula pamoja, kwa kikombe, wala kwa kumshika mgonjwa. Unaletwa na usubi.

Wa tatu ni nzi. Kwenye nchi yenye mifugo mingi na maji machache, nzi hukusanyika usoni mwa watoto, kwenye macho na pua, wakitafuta unyevu. Wanaweza kubeba vijidudu vya trakoma kutoka jicho la mtoto mmoja hadi la mwingine. Trakoma ikimrudia mtu mara nyingi, kope hujikunja kwa ndani, nywele zake zikakwaruza jicho, na mwisho wake ni upofu. Nzi hao hao hutoka kwenye kinyesi wakaja kwenye ugali.

Wa nne ni kupe na nge. Kupe hung'ang'ania ngozi, na huweza kuleta homa. Nge hujificha kwenye viatu, chini ya mawe, chini ya blanketi na kwenye kuni.

(Muziki mfupi)

Basi mama, tufanye nini? Kazi yako ina sehemu tatu: kabla ya safari, wakati wa safari, na baada ya safari. Tuanze na kabla.

Mtoto anapokuletea barua ya safari, usiangalie pesa tu. Uliza mambo matatu. Watalala wapi? Watapata maji wapi? Nani atawapeleka hospitali mmoja wao akiugua? Una haki ya kuuliza hayo, na kiongozi mzuri atakujibu bila kukasirika. Kama mtoto ana ugonjwa wa seli mundu au ugonjwa mwingine wa kudumu, au kama msafiri ni mama mjamzito, pitieni kituo cha afya kwanza mwulize kuhusu dawa ya kuzuia malaria.

Kisha funga mzigo wake. Weka neti iliyotiwa dawa. Usiseme, "Atakuta huko." Usubi ni mdogo na anaweza kupenya matundu ya neti ya kawaida, lakini dawa iliyo kwenye neti humfukuza au kumwua. Neti yenye matundu madogo zaidi ni bora, ukiipata. Mfundishe mtoto kuifunga hapa nyumbani: kwenye tawi, kwenye vijiti vinne, au ndani ya hema, na kuipenyeza chini ya godoro au mkeka pande zote.

Weka shati la mikono mirefu na suruali ndefu, au sketi ndefu na soksi. Hapa kwetu nguo hizo ni za baridi. Kule ni za jioni, kwa ajili ya wadudu. Weka soksi jozi tatu, viatu vya kufunika mguu, tochi, na dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu. Dawa hizo huuzwa madukani na kwenye maduka ya dawa. Soma maandishi, au mwombe mwenye duka akueleze. Ipakwe kwenye ngozi iliyo wazi tu, isipakwe kwenye macho, mdomo, vidonda wala viganja vya mtoto mdogo. Kama mtoto anapaka pia mafuta ya kuzuia jua, hayo yatangulie, dawa ya wadudu ifuate.

Ongeza kipande cha sabuni, kitambaa cha kujifutia, taulo ndogo, dawa ya kusafisha maji, pakiti za ORS za kurudisha maji mwilini, na karatasi yenye namba yako ya simu. Kama ni msichana, weka pedi za kutosha siku tano hata kama siku zake hazijafika, na mifuko ya kuwekea zilizotumika. Mwendo mrefu na mabadiliko ya mahali huweza kuleta hedhi kabla ya wakati wake. Usimwache aaibike mbele ya wenzake, mbali na nyumbani.

Sehemu ya pili ni wakati wa safari. Haya mwambie mtoto wako kwa mdomo wako, tena mara mbili.

Mwambie hivi: usikae juu ya kichuguu. Vijana hupenda kupanda kichuguu jioni, wakakifanya kiti huku wakitazama jua linavyotua. Saa hiyo ndiyo usubi anatoka mlangoni kwake. Na kambi isiwekwe karibu na kichuguu, boma la mifugo, au kisima. Wala isiwekwe ndani ya laga, hata kama mchanga wake ni laini na unavutia. Mvua ikinyesha mlimani mbali, maji hushuka usiku bila kubisha hodi.

Jua linapoinama, vaeni nguo ndefu, pakeni dawa. Msingoje mpaka mwanze kujikuna. Kulala juu ya kitanda cha kamba ni bora kuliko chini, kwa sababu usubi hawezi kuruka juu sana, na nge hawezi kukufikia kwa urahisi.

Asubuhi, kabla ya kuvaa, kung'uta viatu. Kung'uta nguo. Kung'uta blanketi. Usitie mkono chini ya jiwe au kwenye kuni bila kuangalia. Usiku usitembee miguu mitupu, hata ukienda kujisaidia hapo karibu.

Nge akiuma, osheni mahali hapo kwa sabuni na maji, wekeni kitambaa baridi, mpeni dawa ya maumivu kama paracetamol. Msichanje. Msifunge kamba. Mtoto mdogo aliyeumwa na nge, au mtu yeyote anayetapika, anayetokwa na jasho jingi au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Kila jioni wachunguze kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Kupe ashikwe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole moja kwa moja. Asichomwe kwa moto wala kumwagiwa mafuta ya taa. Kisha mahali hapo paoshwe.

Sasa usafi. Mtoto wa Kimulot amezoea maji ya mto na ya paa la mabati. Akifika kule akaona kila mtu anabeba mtungi mmoja mdogo, atafanya moja kati ya makosa mawili. Ama atayamaliza maji kwa kuoga siku ya kwanza, ama ataacha kunawa kabisa mpaka siku ya kurudi. Mfundishe njia ya katikati.

Maji ya kunywa huja kwanza. Anayetembea juani anahitaji lita 3 hadi 4 kwa siku, au zaidi. Asingoje kiu kali. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, hajanywa ya kutosha. Maji ya kisima au bwawa ambalo mifugo hunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa kulingana na maelezo ya chupa na kuachwa nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Hata yakionekana safi kama kioo, yatiwe dawa.

Kisha mikono. Kuna nyakati mbili ambazo hazina msamaha: baada ya kujisaidia, na kabla ya kugusa chakula. Chukua chupa ya plastiki, toboa tundu dogo kwenye kifuniko kwa msumari wa moto. Ukiinamisha, maji hutoka kama uzi. Kikombe kimoja kinatosha watu kadhaa. Kipande cha sabuni kitie ndani ya soksi ya zamani, ukifunge shingoni mwa chupa, hakitaanguka mchangani. Sugua viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha, ukihesabu polepole mpaka 20. Katika visima vingi vya Chalbi maji yana chumvi, na sabuni haitoi povu vizuri. Asikate tamaa, aendelee kusugua. Ile dawa ya mikono yenye spiriti husaidia mikono ikiwa haina uchafu unaoonekana. Kujisugua kwa mchanga peke yake hakuchukui nafasi ya sabuni.

Uso uoshwe asubuhi na jioni, maana uso safi hauwavutii nzi. Kila mtoto atumie kitambaa chake. Kitambaa kimoja kikipita macho ya watoto kumi, hicho chenyewe kimekuwa nzi wa kumi na moja.

Mwili haulazimiki kumwagiwa ndoo. Nusu lita ya maji na kitambaa chenye sabuni kidogo vinatosha kwa jioni moja. Anza usoni, shingoni, kwapani, halafu sehemu za siri, na miguu iwe ya mwisho. Kausha katikati ya vidole vya miguu, vaa soksi kavu. Soksi za jana zianikwe juani, si ndani ya begi. Chupi ibadilishwe kila siku. Msichana aliye katika siku zake ajioshe kwa maji safi sehemu za nje tu, abadilishe pedi kila baada ya saa chache, na zilizotumika azifunge arudi nazo mpaka penye choo au shimo la taka. Hakuna haja ya kuona haya. Ni usafi kama usafi mwingine.

Penye choo, tumieni choo. Pasipo choo, nendeni hatua 70 au zaidi kutoka kwenye maji na kambi, chimbeni shimo la kina cha kiganja kilichonyooshwa, na mfukie. Kinyesi kikifukiwa, nzi hakifikii, na chakula chenu kimepona.

Jambo la mwisho la safari ni maziwa. Watu wa kaskazini ni wakarimu, na mgeni huweza kupewa maziwa ya ngamia. Anywe kwa shukrani, lakini yawe yamechemshwa. Maziwa mabichi, ya ngamia au ya ng'ombe, huweza kuleta homa ya mifugo, ambayo nayo hukaa mwilini muda mrefu.

(Muziki mfupi)

Sehemu ya tatu ni baada ya safari, na hapa ndipo tunaposahau. Mtoto akishuka kwenye basi tunasema, "Amerudi salama, Mungu asifiwe." Lakini safari haijaisha. Mbu wa siku ya mwisho anaweza kuleta homa baada ya siku 7, wiki 2, au hata zaidi ya mwezi. Usubi huchukua muda mrefu zaidi. Mara nyingi kala-azar hujitokeza baada ya miezi 2 hadi 6, na mara nyingine baada ya mwaka mzima. Wakati huo mtoto ameshasahau safari. Wewe mama usisahau.

Siku atakayorudi, nguo zote zifuliwe na kuanikwa juani. Kagua mwili wake kama kuna kupe. Kisha chukua kalamu. Kwenye kitabu chake cha kliniki, au nyuma ya kalenda iliyo ukutani, andika: alikwenda wapi, aliondoka tarehe gani, alirudi tarehe gani, alilala nje usiku mingapi.

Akipata homa yoyote baadaye, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na uombe apimwe damu kabla ya kupewa dawa ya malaria. Usimpe vidonge vilivyobaki kwa jirani. Na kabla hujaulizwa, sema: "Daktari, mtoto wangu alikuwa Baringo," au Turkana, au Marsabit, "mwezi fulani."

Kama homa imezidi wiki 2, kama anakonda, anachoka, amepauka, anatoka damu puani, au tumbo limevimba upande wa kushoto chini ya mbavu, uliza wazi: "Je, inaweza kuwa kala-azar?" Mhudumu wa hapa kwetu huenda hajawahi kuiona, wala si kosa lake, kwa maana usubi huyo hayuko hapa. Neno lako ndilo litakalomfungua macho. Kuna kipimo cha haraka kinachotumia tone la damu ya kidole. Na hospitali zilizo karibu na maeneo hayo, kama Kimalel huko Baringo na Kacheliba huko Pokot Magharibi, zimetibu kala-azar kwa miaka mingi. Matibabu ya kawaida ni sindano kila siku kwa siku 17, mgonjwa akiwa amelazwa. Ni siku nyingi, lakini asiache katikati. Na msimchanje wala kumchoma tumbo nyumbani. Hilo huongeza vidonda na kupoteza siku.

Sasa turudi kwa yule kijana. Muuguzi alipouliza, "Ametembea wapi mwaka huu?", mama alifikiri kidogo, akasema, "Hajatembea. Huwa yuko shule." Alikuwa karibu kuinuka aondoke. Kijana mwenyewe, kwa sauti ndogo, akasema, "Mama, Agosti nilikwenda Baringo. Tulilala nje." Muuguzi akamwuliza kama kulikuwa na vichuguu. Kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema kwamba hapo ndipo walipokuwa wakikaa kila jioni wakiimba.

Alipelekwa hospitali yenye kipimo, akapatikana na kala-azar. Alidungwa sindano siku zote 17, mama akilala kwenye benchi kando yake. Muhula wa kwanza alichelewa wiki kadhaa, lakini alirudi shuleni kwa miguu yake. Aliponisimulia, mama hakulalamika juu ya ndama. Aliniambia, "Siku nyingine nitaandika kwenye kalenda."

Mama na mlezi, usimnyime mtoto safari. Aende akaone nchi yake, aone ngamia, aone nyota za jangwani ambazo ukungu wetu hutuficha. Ila aende na neti na sabuni, na akirudi, tarehe ibaki kwenye kalenda. Na popote utakapompeleka akiwa na homa, jibu la lile swali liwe mdomoni mwako kabla hujaulizwa.

Kipindi chetu kimefika mwisho. Mwambie na jirani yako ambaye hakusikiliza, hasa yule ambaye mtoto wake anajiandaa kwa kambi ya likizo. Hadi tutakapokutana tena, nawatakia jioni njema na afya njema. Kwaherini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mwaka uliopita, ni nani katika familia zetu aliyesafiri kwenda nchi kame? Je, tunakumbuka tarehe?
2. Kwa nini mtu wa Kimulot anaweza kuzidiwa na malaria haraka kuliko mtu anayeishi mahali penye mbu wengi?
3. Tengenezeni pamoja chupa ya kunawia mikono yenye tundu kwenye kifuniko. Kikombe kimoja cha maji kimewatosha watu wangapi?
4. Mtoto ana homa kwa wiki 2 na tumbo limevimba. Utamwambia nini mhudumu wa afya kabla hajakuuliza?